Ni Fulana Tu!

Kila zama huwa na maneno yake ya kukwepea. Zamani mtu aliyeharibu kazi alisema ni shauri ya Mungu. Katika miaka ya uhaba akasema vifaa hakuna. Siku hizi, katika biashara hii ya kubuni nguo, kuzichapa maneno na picha, kisha kuziuza kwa njia ya simu, kila lawama hujibiwa kwa maneno yale yale: "Mzee, hii ni fulana tu." Nimeyasikia kwa mchapaji aliyekosea. Nimeyasikia kwa mwizi wa michoro. Nimeyasikia pia, tena kwa kicheko, kwa wazazi wanaowadharau watoto wao. Nimechoka kuyasikia, na hapa nakusudia kuyajibu.

Ndugu msomaji, usinidhanie adui wa biashara yenyewe. Nawaona vijana wa hapa Tukuyu wanavyohangaika. Mmoja ana simu, ana dazeni mbili za fulana tupu alizozinunua Mbeya, na ana mashine ya kubandika picha kwa joto, iliyokaa mezani kama pasi kubwa. Mteja wake yuko Kyela, au Dodoma, au Dar es Salaam, na hawajapata kuonana. Mteja anatuma picha kwa WhatsApp, analipa kwa M-Pesa, na kesho yake mzigo unapakiwa kwenye basi. Katika wilaya ambayo kijana asiye na chai, migomba wala parachichi hana budi kupanda basi hilo hilo kwenda kutafuta kibarua ugenini, jambo hili si dogo hata kidogo.

Ubishi wangu uko mahali pengine. Mimi nasema mtu huyu hauzi fulana. Fulana tupu imejaa katika kila soko, na ya mtumba kutoka Ulaya huenda ikawa imara kuliko yake. Anachouza ni kile kilichochapwa juu yake. Futa maneno, futa mchoro, uone kama kuna atakayekupa hata nusu ya bei. Basi ikiwa anauza maneno, yeye ni mwandishi. Ikiwa anauza mchoro, yeye ni msanii. Na sijapata kumsikia mwandishi aliyeulizwa juu ya uongo uliomo kitabuni mwake akajibu, "Aa, hizi ni karatasi tu."

Tena kwetu sisi Waswahili na jirani zao, nguo inayosema si jambo geni. Kanga ilianza kuvaliwa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wanawake walinunua leso, vile vitambaa vya mkononi ambavyo jina lake tulilipata kwa Wareno, wakaviunga kwa sindano vikawa nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyochapwa nzima. Mwanzoni mwa karne ya 20 maneno yakaingia, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi za Kirumi. Pale Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, likajulikana pwani nzima kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla". Tangu hapo kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Na jina ndilo lenye kazi ngumu. Kwa jina mke humsema mke mwenziwe, bibi arusi huaswa, jirani mmbeya hupewa salamu zake bila ugomvi wa mdomo.

Sasa angalia. Kwa miaka mingi kanga hizo zilibuniwa kwa ladha ya Zanzibar na Mombasa lakini zikachapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani. Maneno yalisafiri kwa barua na meli kwenda kwa mchapaji asiyejua hata neno moja la Kiswahili, kisha yakarudi juu ya nguo. Hiyo, kama si biashara ya kubuni na kuchapa nguo kwa mteja wa mbali, ni nini? Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kazi ikasogea nyumbani. Lakini sheria yake haikubadilika: jina la kanga ni maneno machache, yanayoeleweka, na mwenye duka lazima ayajue kwa moyo, maana mnunuzi atamwuliza.

Mama yangu hakujua kusoma. Dukani alikuwa akiikunjua kanga, anapapasa kitambaa, anaichungulia rangi kwenye mwanga, kisha ananiita mimi, mtoto wa darasa la tatu: "Nisomee." Nilisoma. Kama hakuyapenda maneno, aliirudisha kanga hata ikiwa nzuri namna gani, na fundo la fedha pembeni mwa kanga aliyojifunga halikufunguliwa. Mwanamke asiyejua herufi hakukubali kuvaa asichokijua. Leo tuna wachapaji wenye vyeti ambao hawasomi wanachokichapa.

Mfano ninao. Katika shule moja ya wilaya hii, kamati ya wazazi iliagiza fulana za mahafali ya darasa la saba kwa mchapaji wa mjini waliyempata kwenye simu. Neno walimwandikia wenyewe, kwa herufi kubwa, bila kosa. Mzigo ukafika usiku wa kuamkia sherehe. Ukifunguliwa, kila fulana imeandikwa MAHAFARI. Watoto waliofundishwa Kiswahili miaka saba wakasimama mbele ya wageni wakiwa wamevaa kosa la imla vifuani mwao! Alipopigiwa simu, bwana yule hakubisha kwamba amekosea. Alishangaa tu kwamba watu wazima wanagombania herufi moja. "Jamani, ni fulana tu, si mtihani."

La hasha, ndiyo mtihani wenyewe. Daftari la mtoto lenye kosa mwalimu hulisahihisha kwa wino mwekundu, likafungwa, basi. Fulana hutembea. Huenda sokoni, hupanda basi, hurithiwa na mdogo mtu, huishia kuwa nguo ya kulimia miaka mitano baadaye, nayo muda wote inafundisha "mahafari". Nani mwalimu kumshinda mchapaji huyo?

Kama unadhani nakuza jambo dogo, tazama yaliyoipata kampuni moja ya Marekani, Solid Gold Bomb, ya mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts. (Ni jimbo hilo hilo ambalo katika karne ya 19 merikebu zake zilileta Zanzibar ile nguo nyeupe ambayo hata leo tunaiita marikani.) Kampuni hiyo ilikuwa ikiuza fulana kupitia duka la Amazon. Ilichukua msemo wa bango la Waingereza la mwaka 1939, lililowahimiza watu watulie na kuendelea na kazi, halafu ikaiachia kompyuta kazi ya kuchomoa maneno ya mwisho na kupachika vitenzi vingine kutoka kwenye orodha ndefu. Yakatoka maneno ya fulana maelfu kwa maelfu. Hakuna binadamu aliyeyasoma. Machi 2013 watu wakagundua kwamba mojawapo lilikuwa linahimiza kubaka. Fulana yenyewe hata haikuwapo. Ilikuwa picha tu, ikingoja mtu wa kuiagiza ndipo ichapwe. Mwenye kampuni aliomba radhi, akaeleza kwamba ni kompyuta iliyotunga. Haikumsaidia. Mwaka huo huo biashara yake ikaanguka. Na sasa ambapo kila kijana mwenye simu anaweza kuiomba akili mnemba imtungie maneno na kumchorea picha kwa dakika moja, naona watakaoanguka kwenye shimo hilo watakuwa wengi, nao watajitetea vile vile.

Limo pia la picha na kitu. Hili huniuma kuliko la herufi.

Msomaji asiyeijua kazi hii afahamu kwamba njia za kuchapa ni kadhaa, na si kila njia inafaa kila kitambaa. Njia ya skrini ni ya siku nyingi: fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chepesi, sehemu zisizotakiwa zikazibwa, rangi ikasukumwa kwa mpira ipite penye uwazi. Kila rangi ina fremu yake, kwa hiyo kuchapa fulana moja ni hasara, kuchapa mia ni faida. Rangi yake ikikaushwa vizuri kwa joto hukaa juu ya pamba miaka. Kuna karatasi za kubandika kwa joto, ambazo zinafaa hata kwa fulana moja. Na kuna wino unaogeuka mvuke kwenye joto la karibu nyuzi 200 na kuingia ndani ya nyuzi za kitambaa. Huo hutoa picha safi kama ya studio, lakini unashika kwenye nyuzi za kutengenezwa kiwandani, poliesta, wala si kwenye pamba. Ukiuchapa juu ya pamba tupu, siku ya kwanza utapendeza. Ukifuliwa, umekwenda.

Mchapaji anayejua kazi anayajua hayo kama mwashi anavyojua mchanga na saruji. Mteja hajui, naye aliye mbali hawezi hata kupapasa kitambaa kama alivyopapasa mama yangu. Anaona picha ya fulana kwenye simu, mara nyingi iliyotengenezwa na programu, imevishwa mzungu anayetabasamu. Anaamini.

Huku kwetu msiba ni jambo la watu wengi, na siku hizi ukoo wenye uwezo, na usio na uwezo pia, huchapa fulana zenye sura ya marehemu. Sitaingia kwenye ubishi wa kama desturi hiyo inafaa. Wazee wenzangu wanalo la kusema na gharama zenyewe zinatisha. Mjane mmoja aliagiza za mumewe kwa muuzaji wa mbali. Zilifika kwa wakati, sura ikatoka vizuri mno, watu wakalia upya walipoziona. Baada ya matanga akafua yake ili aiweke. Aliponionyesha, palikuwa na kivuli cha masikio na ukosi wa shati, uso haukuwapo. Alikuwa amechapiwa wino wa poliesta juu ya pamba. Muuzaji alipoulizwa alimwambia, "Pole mama, lakini ni fulana tu. Nitakuchapia nyingine kwa nusu bei."

Nusu bei! Tangu mwaka 2015 nchi hii ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, ambayo inamtaka anayeuza kwa njia hizo ajitambulishe na akieleze kwa ukweli kitu anachokiuza. Sheria nzuri. Lakini mjane wa kijijini hana wakili, na muuzaji alikuwa jina la bandia na namba ya simu.

Nije kwa wezi. Kijana mmoja wa hapa, ambaye baba yake nilimfundisha, ana mkono wa kuchora. Alichora Daraja la Mungu, lile la mwamba juu ya mto Kiwira, akaweka mgomba pembeni wenye jani moja lililovunjika na kuning'inia, na chini akaandika shukrani yetu ya Kinyakyusa, "Ndaga fijo". Fremu alizitengeneza mwenyewe. Aliweka picha Instagram, akapata wateja, hasa Wanyakyusa walioko miji ya mbali wanaokumbuka kwao. Haikupita miezi miwili, muuzaji mmoja wa Dar es Salaam mwenye wafuasi wengi akaanza kuuza daraja lile lile, mgomba ule ule, hata jani lililovunjika, kwa bei ya chini zaidi. Tofauti ni moja: yeye aliandika "Ndanga fijo". Mwizi aliiba hata asichoweza kukitamka.

Kijana alipompigia, akajibiwa, "Dogo, acha hizo, ni fulana tu. Daraja lenyewe ni la kwako?"

Swali hilo lina ujanja ndani yake, kwa hiyo lijibiwe. Daraja la Mungu si la mtu. Kila anayetaka na alichore. Lakini mistari ile, mgomba ule na jani lake, vilitoka katika mkono wa mtu mmoja, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 mchoro ni mali ya aliyeuchora tangu alipouweka juu ya karatasi. Kuuandikisha COSOTA humsaidia kupata ushahidi. Hakumpi haki ambayo hakuwa nayo. Nilimwambia hivyo. Akanitazama kwa adabu, akasema nauli ya kwenda kushitaki ni fulana ngapi, Mwalimu?

Wakubwa wa dunia hawasemi kwamba fulana ni fulana tu. Walt Disney, mwaka ule ule wa 1994 walipotoa filamu yao ya The Lion King, waliomba kule Marekani wasajiliwe maneno "Hakuna Matata" yawe alama yao ya biashara kwenye nguo. Walipewa mwaka 2003. Maneno mawili ya Kiswahili ambayo kila mtoto wa pwani huyasema bure! Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja alianzisha malalamiko, na watu zaidi ya 100,000 wakaweka sahihi zao. Usajili huo haukumziba mtu mdomo. Mimi na wewe tunasema hakuna matata tutakavyo. Ulihusu nguo. Kampuni tajiri kama ile ilitumia mawakili na miaka tisa kwa ajili ya maneno mawili kifuani mwa fulana, halafu kijana wetu anaambiwa mchoro wake hauna thamani.

Sitawaacha wazazi. Baba mmoja aliniambia barazani, "Nimeuza ng'ombe nikamsomesha mpaka chuo, leo ananiuzia fulana." Waliokuwapo wakacheka. Mimi nilianza ualimu wakati Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ingali moto. Tulipeleka watoto shambani na majembe tukawaambia huko ndiko kujitegemea. Wamekua. Wamejitegemea kwa jembe la aina nyingine, nasi tunawacheka.

Hebu huyo baba aangalie nguo anayoivaa mwenyewe. Pamba inalimwa nchi hii, lakini sehemu kubwa yake huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Tulikuwa na Mwatex kule Mwanza na Mutex kule Musoma, na tunakumbuka vilivyodhoofika. Mitumba ikatuvika. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba ifikapo 2019 mitumba ikome. Marekani ikatishia kuziondolea nchi zetu nafuu ya soko lake, na moja baada ya nyingine zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo upande wa nguo. Basi kiwanda kijana wako hawezi kukijenga, na mitumba serikali nzima zimeshindwa kuizuia. Katika safari yote ya nguo, kuanzia shamba la pamba mpaka mgongoni mwa mvaaji, kipande alichoweza kukishika kwa mikono yake mitupu ni hicho cha mwisho, cha kubuni kitakachochapwa. Unakidharau?

Lakini nayasema haya kwa masharti, na vijana wasinishangilie mapema. Anayetaka kuheshimiwa kama fundi na aishi kama fundi. Chapa moja, uifue mara tatu kabla ya kuuza ya pili. Mwambie mteja ni pamba au ni poliesta. Piga picha ya fulana uliyoichapa wewe, juu ya kamba ya nguo ya nyumbani kwenu, hata kama mvua ya Tukuyu inanyesha. Kiswahili kina kamusi, ifungue. Na maneno ya Kiingereza usiyoyajua maana usiwavishe watu, maana nimemwona bibi wa miaka themanini anakwenda kanisani amevaa fulana ya mjukuu yenye matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Yule kijana wa daraja anaendelea. Sasa anaweka sahihi yake ndani ya mchoro wenyewe, kwenye shina la mgomba, mahali ambapo mwizi hawezi kuifuta bila kuharibu picha. Juzi alinijia na kazi mpya: fulana ya kuikumbuka Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Nilimwuliza kwanza kama amewauliza wahusika wa timu. Alikuwa bado, akaandika kwenye simu yake ili asisahau. Kisha tukabishana juu ya neno la Kinyakyusa alilotaka kuliweka chini, yeye akiliandika kwa irabu moja na mimi kwa mbili. Hatukukubaliana. Nimemtuma kwa bibi mmoja wa Masoko ambaye Kinyakyusa chake ni cha zamani kuliko changu, na nimemwambia asiwashe mashine mpaka arudi.